Pipa la minyoo la trei za kupandana: linafaa, ila usikimbilie trei ya pili

Seti hii ya kufugia minyoo wanaogeuza mabaki ya jikoni kuwa mboji huja na trei tatu hadi tano za plastiki zenye matundu chini, sinia la kukingia maji lenye koki, miguu na kifuniko. Unaanza na trei moja. Ikijaa unapandisha nyingine juu yake na kuhamishia chakula huko, minyoo wanakifuata kupitia matundu. Inayobaki chini ni mboji iliyoiva, tayari kutolewa bila kuchambua mnyoo mmoja mmoja. Hicho hasa ndicho unacholipia. Kwa kuozesha maganda tu, ndoo iliyotobolewa matundu inatosha kabisa.

Tatizo ni kwamba maelezo ya kwenye boksi hayasemi lolote kuhusu pengo. Kitako cha trei ya juu lazima kilalie mboji ya chini. Trei zimeundwa na kingo zinazozizuia zisididimie, kwa hiyo ya chini ikiwa nusu, panabaki uwazi na minyoo hawapandi. Chakula cha juu kinaota ukungu huku wao wakiendelea na vyao chini. Halafu mboji husinyaa: trei iliyojaa pomoni leo, wiki ijayo imeshuka. Jaza, subiri ishuke, jaza tena, sawazisha, ndipo upandishe. Kuhama kwenyewe huchukua wiki kadhaa na hakuishi kabisa. Ukipekua mboji ya chini utaona vifuko vya mayai, vidogo kama kichwa cha kiberiti, vya manjano vinavyogeuka hudhurungi vikikaribia kuanguliwa. Virudishe juu.

Kwa kuanzia, tandika sentimita 10 hadi 15 za kadibodi na gazeti lililochanwa, usitumie karatasi za kung'aa. Lowesha, kisha changanya konzi mbili za udongo: vijidudu vyake huanzisha uozaji, na chembe za mchanga humsaidia mnyoo kusaga chakula tumboni. Kamua konzi moja ya matandiko; yakitoka matone mawili matatu, unyevu uko sawa, yakichuruzika, ongeza kadibodi kavu. Nusu kilo ya minyoo, yaani kama 1,000, inatosha. Wawe minyoo wekundu, Eisenia fetida, wanaoishi kwenye samadi na majani yanayooza. Nyungunyungu wa kuchimbua bustanini wengi ni wa kukaa udongoni na ndani ya pipa hawadumu.

Msemo wa wauzaji kwamba mnyoo hula uzito wake kila siku uchukulie kwa tahadhari. Nusu kilo ya minyoo wapya ianze na kilo moja ya mabaki kwa wiki, yakatwekatwe na kufukiwa, kila konzi ya mabaki na konzi ya kadibodi. Usiongeze mpaka ya mwanzo yakaribie kwisha. Nyama, maziwa na mafuta hapana. Machungwa, ndimu na vitunguu kidogo sana. Maganda ya mayai yaliyosagwa hupunguza uchachu.

Ukikuta minyoo wamejazana kwenye kifuniko na pipa linanuka, mara nyingi umewalisha kupita kiasi. Plastiki haipumui, maji ya maganda yanatuama, hewa inakwisha, chakula kinachacha. Ondoa kilichooza, tifua, weka kadibodi kavu, acha kulisha hadi harufu iishe. Inzi wadogo wa matunda huingia wakiwa mayai kwenye maganda. Gandisha maganda kwenye friza kabla ya kulisha, kisha uyafukie.

Joto lisishuke sana chini ya nyuzi 15 za Selsiasi wala kuzidi 25. Likikaribia 35 wanakufa, na plastiki nyeusi juani hufika huko upesi. Kivulini tu.

Koki ndiyo sehemu dhaifu. Huziba kwa tope, na sinia likijaa, minyoo wanaoteremka huzama. Iache wazi, kopo chini yake. Maji hayo wengine huyaita chai ya minyoo, lakini ni mchujo wa vitu ambavyo bado vinaoza. Yapunguze kwa maji mara kumi umwagilie maua, wala usiyamwagie mboga za majani. Yakitoka mengi kila siku, pipa limelowa mno.

Mboji ya kwanza itegemee kati ya miezi mitatu na sita. Kwenye udongo wa chungu, asilimia 10 hadi 20 inatosha. Kuzidisha hakuongezi faida ya maana.

Trei tatu ni bora kuliko tano: za ziada huongeza uzito tu, na mboji ya chini hugandamana. Chagua trei pana zisizo na kina kirefu, zenye matundu ya kama milimita 5, na kifuniko chenye vipenyo vya hewa. Kama mabaki yako hayafiki kilo moja kwa wiki, seti hii haikufai. Nunua minyoo peke yao na utumie ndoo.