Taa ya mimea ya kubana mezani: mwanga poa, taima ndo kimeo

Wadau, hii taa ya LED ya mimea, ile yenye kibanio na shingo ya kupinda, niliichukua Kariakoo kwa 45,000 na sasa ina miezi miwili kwangu. Nakaa chumba cha chini, dirisha linatazama ukuta wa jirani, jua kwangu ni hadithi tu, na nina miche sita ya nyanya kwenye ndoo pamoja na kifauongo kimoja cha mtoto kuchezea, ule mmea unaokunja majani ukiugusa na usiku ukiingia.

Kwenye mwanga sina neno. Nyekundu na bluu, usiku sebule inakuwa kama baa, ila ile miche iliyorefuka kama uzi ikaanza kutoa majani mapya mapana yenye afya.

Sasa taima. Unabonyeza masaa 12, yakiisha inazima yenyewe, safi kabisa, lakini umeme ukikatika na kurudi ile seting imefutika na taa inawaka mpaka mtu aje azime. Nimesafiri siku tisa narudi saa nane usiku nakuta inawaka kama duka la dawa, majani ya nyanya yana madoa ya njano. Nikalaumu mbolea weee, kumbe nyanya hazitaki mwanga saa 24, zinaharibika majani hivyo hivyo.

Mmea una saa yake ndani aisee. Mimi sikuamini, nikakifungia kifauongo kabatini jioni, asubuhi nachungulia na tochi ya simu nakuta kimeshafungua majani humo humo gizani! Kuna Mfaransa anaitwa de Mairan alifanya mchezo huu huu mwaka 1729, na mmea unaokunja majani kama huu. Yani ile saa inatembea yenyewe, mwanga kazi yake ni kuirekebisha kila siku isipotee njia, sasa taa isiyozima ndo inaivuruga.

Nimeongeza 15,000 nikanunua taima ya kuchomeka kwenye soketi, ile ya kuzungusha. Afadhali, hiyo seting haifutiki, ila nayo umeme ukikatika inasimama. Juzi ulikatika masaa matatu, niliiseti iwashe saa moja asubuhi, sasa hivi kwa nyanya zangu kunakucha saa nne 😂

Nyota tatu kati ya tano, mbili nimekata kwa ajili ya taima. Mwenye kujua inapouzwa yenye betri ndani aniambie.