Mwaka na miezi saba kwenye chumba masta Sinza: nilichokipenda na kinachonihamisha

Nimekaa kwenye chumba kimoja cha masta, yaani chenye choo na bafu ndani, hapa Sinza, Dar es Salaam, kwa mwaka na miezi saba, peke yangu. Kazini kila baada ya muda kuna mtu ananiuliza kama na yeye achukue cha namna hiyo, basi nimeona niandike kwa kirefu. Udogo wa chumba unazoeleka, tena upesi kuliko unavyodhani. Mimi nilichoshindwa kukizoea ni kukosa nje.

Kabla ya hapa nilikaa miaka minne Mwananyamala, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mbele baraza, nyuma uani penye choo, bafu na karo la kufulia. Kodi ilikuwa elfu 70. Chumba kile kilikuwa kidogo kuliko hiki cha sasa, lakini nilikitumia kulala na kuvaa tu. Kupika uani, kufua uani, kuchambua mchele barazani. Kilichonitoa ni choo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu, na kutoka usiku wa manane kwenda uani peke yako wakati mlango wa nyuma haufungi vizuri ni jambo ambalo kwa mwanamke halihitaji maelezo. Dalali aliponionyesha chumba chenye choo ndani, tailizi chini, jipsamu juu na dirisha la aluminiamu, nilikubali siku ileile.

Laki moja na nusu kwa mwezi, miezi sita mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Milioni moja na elfu hamsini ilinitoka kabla sijahamisha hata ndoo.

Chumba kina mita tatu kwa tatu na nusu, na kona moja imemegwa kuwa choo na bafu. Ukishaweka kitanda, kabati la nguo na meza ya jiko, sakafu inayobaki inatosha kutandika mkeka mmoja. Nilikuja na kitanda cha tano kwa sita, nikakiuza mwezi wa kwanza. Nikaenda Keko, fundi akanichongea cha nne kwa sita chenye droo mbili upande wa miguuni, na upande wa kichwani nikamwomba anyanyue juu kidogo ili ndoo ya lita 20 ipite chini yake. Alipima kwa ndoo yake mwenyewe ya karakana, akaisukuma chini ya ubao mara mbili tatu mpaka akaridhika. Kitanda kile ndicho kilichonipa nafasi ya kuishi: mashuka, viatu, unga, mchele, nguo za baridi za kwetu Tanga milimani, vyote viko chini yangu. Kama unahamia chumba kidogo na una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua kitanda cha kuchongesha. Sofa za mkopo achana nazo.

Faida zake sitazificha. Nafagia na kupiga deki kwa dakika kumi. Nikirudi usiku nafunga mlango mmoja, choo changu, bafu langu, hakuna foleni ya ndoo alfajiri. Na nimeacha kununua ovyo, maana kila kinachoingia lazima kingine kitoke. Kwa akiba niliyoweka kwa kutonunua tu, nimemlipia mdogo wangu ada ya mwaka mzima, na hilo nalishukuru kila siku.

Sasa tuje kwenye hewa. Dirisha ni moja, na lile la kusukuma linafunguka nusu tu. Vyumba viko vinne kwenye mstari, migongo yetu imeegemea ukuta wa jirani, kwa hiyo upepo ukiingia hauna pa kutokea. Mwananyamala ule mlango wa mbele na ule wa uani vikiwa wazi, korido yote ilivuta upepo na vyumba vikapumua. Waliojenga zile nyumba waliijua pwani hii. Januari na Februari, mchana ukifika nyuzi 32, feni langu lilikuwa linazungusha joto lilelile. Friji nalo lilinichosha: linapoza ndani, linatema joto nyuma, na kwenye chumba cha namna hii joto hilo unalala nalo. Nikaliuza. Siku hizi nanunua nyanya na mchicha gengeni kwa siku, samaki kwa siku, na sijutii.

Harufu ni hivyo hivyo. Niliwahi kukaanga vibua usiku huku sare zangu zimetundikwa mlangoni. Asubuhi mgonjwa mmoja, bibi mtu mzima, aliniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, leo mmepika samaki?" Tangu siku ile vya kukaanga nanunua kwa mama ntilie.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo dalali hatakwambia. La kwanza ni gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa na kutuama sakafuni, na kwenye chumba kimoja sakafuni ndipo wanapolala wageni. Mtungi wangu mdogo nauweka karibu na mlango na nafunga koki kila nikimaliza kupika, hata kama nitapika tena baada ya saa moja. Na mvua inyeshe vipi, usiingize jiko la mkaa ndani. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki.

La pili ni maji. Ya bomba yana siku zake, kwa hiyo lazima uwe na jaba, lile pipa kubwa la plastiki la kuhifadhia maji, na jaba linakaa bafuni, hatua mbili kutoka kitandani. Mbu wa dengue anataga kwenye maji safi kama hayo na anauma mchana. Dar tulipata mlipuko mwaka 2014, tukapata tena 2019, na sitaki kusahau nilichokiona wodini. Mimi nikitoka zamu ya usiku nalala mchana, saa za mbu huyo. Jaba langu lina mfuniko unaobana na chandarua hakifunguliwi.

Umeme niseme kwa ufupi: uliza LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani. Ukiwa na mita yako, mtu wa chumba kimoja anaweza kubaki chini ya uniti 75 kwa mwezi, kundi la bei nafuu. Mkichangia mita moja wanne, kikomo hicho mnakivuka mapema. Ile kodi ya jengo ya shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU ni deni la mwenye nyumba, mzungumze ipunguzwe kwenye kodi yako ya chumba.

Yote hayo niliyapatia dawa. Lililonishinda nililijua alipokuja mama.

Alikuja mwezi wa saba kutolewa mtoto wa jicho, akae wiki tatu. Nikampokea Stendi ya Magufuli, Mbezi, na kiroba cha machungwa ya Muheza. Kiroba hakikuwa na pa kukaa. Tuliyapanga machungwa kwenye diaba, diaba likapanda juu ya kabati. Usiku yeye kitandani, mimi mkekani, miguu chini ya meza ya jiko. Hilo halikumsumbua hata kidogo, amelea watoto sita kwenye vyumba viwili.

Siku ya tatu narudi kutoka zamu ya usiku, saa mbili asubuhi, nikamkuta kageuza ndoo, kaikalia kwenye ule upenyo kati ya milango yetu na ukuta wa jirani, pale pikipiki zinapoegeshwa. Anachambua mchicha.

"Shikamoo mama. Mbona uko huku?"

"Marahaba. Mwanangu, hapa watu mnakaa wapi?"

"Ndani, mama."

"Ndani mnalala. Nauliza mnakaa wapi."

Nilikosa jibu. Siku hiyo hiyo aligawa machungwa milango yote minne, na jioni akanieleza kwamba dada wa chumba cha pili ni mwalimu, kwao Lushoto, na ana mtoto anayelelewa na bibi yake. Tulikuwa tumepakana ukuta mwaka mzima, nasikia mpaka kengele ya simu yake, na sikuwa najua hata jina lake.

Kwa hiyo nahama, lakini siendi kwenye chumba na sebule kama wengi wanavyonishauri. Nimemwambia dalali asinipeleke ndani kwanza, anionyeshe nyuma, tena twende saa saba mchana jua likiwa kali. Vitatu nilivikataa getini. Wiki iliyopita tukafika Kijitonyama: choo ndani, madirisha mawili yanayotazamana na mlango, na nyuma uani pana kamba za nguo, karo, na mwarobaini mkubwa uliozungushiwa kibaraza cha saruji. Chumba chenyewe ni kifupi nusu mita kuliko hiki. Nimepima, kitanda cha Keko kinaingia. Nimeshatoa kodi ya miezi mitatu, na mwalimu wa chumba cha pili amesema atakuja kunisaidia kuhamisha Jumamosi.