Kiingereza cha wodini, Moshi mjini: kozi niliyomlipia binti yetu na kuihudhuria pamoja naye

Nililipa shilingi 120,000 kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, anayesoma diploma ya uuguzi mwaka wa pili hapa Moshi, na kwa ruhusa ya mwalimu nikawa naingia naye darasani. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, wanafunzi wa mazoezi wanapita mikononi mwangu kila mwaka, kwa hiyo nilijua ninatafuta nini. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza kwa nini nimewanyima.

Kwa mzazi asiyeijua shida yenyewe: mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza cha kunakili ubaoni, na chuoni anajifunza anatomia na dawa kwa Kiingereza na kufaulu mtihani wa karatasi. Akifika wodini, mgonjwa anamweleza kwa Kiswahili au Kichaga, faili linaandikwa kwa Kiingereza, raundi ya madaktari inakwenda kwa Kiingereza, na katika mji huu daktari mgeni anaweza kuwa Mjerumani au Mholanzi ambaye naye Kiingereza amejifunza ukubwani. Nimewaona vijana wenye akili nzuri wamejificha nyuma ya raundi, macho chini. Jibu wanalijua kabisa. Kulitoa mdomoni ndiko kunawashinda.

Kozi ni ya wiki nane, Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu, ghorofa ya pili katika mtaa ulio nyuma ya stendi ya mabasi. Wasabato, na kutoka Upareni wako wengi, wamewekewa kundi lao la Jumapili alasiri, jambo lililonifurahisha sana. Mwalimu ni muuguzi mstaafu ambaye wanafunzi wanamwita Sista. Hapangi vitenzi kwenye jedwali. Mtu akikosea anamrekebisha palepale, anamwambia arudie, wanaendelea.

Zoezi la simu peke yake linatosha kurudisha hela yako. Mwanafunzi anapewa karatasi ya mgonjwa: mwanamume wa miaka 54, jana amefanyiwa upasuaji wa tumbo, presha imeshuka hadi 85/50, mapigo 124 kwa dakika, mkojo kwenye mfuko mililita 40 tu kwa saa nne. Anatoka nje kwenye korido na simu yake. Ndani, Sista anapokea kama daktari wa zamu aliyeamshwa saa nane usiku na hataki maneno mengi. Mpigaji haoni uso wa anayemsikiliza, na mikono haiwezi kumsaidia kueleza. Wengine wote tunasikiliza kupitia spika.

Wanafuata utaratibu unaojulikana kama SBAR: kwanza hali ilivyo sasa hivi, kisha historia fupi ya mgonjwa, kisha wewe mwenyewe unaonaje, mwisho unaomba nini. Sista aliwaeleza kwamba ulianzia kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, halafu watu wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya, kule Colorado wakauingiza kwenye matibabu, ili mwenye cheo kidogo ampe mwenye cheo kikubwa habari iliyokamilika bila kuzungukazunguka.

Hatua tatu za mwanzo waliziweza mapema. Ya nne iliwakwamisha karibu wote. Walitaja presha, wakataja mapigo, wakataja mkojo, kisha kimya, wakisubiri daktari aamue. Nawaelewa. Kwetu binti wa miaka ishirini hamwambii mtu mzima la kufanya, sembuse daktari. Sista hakuwabeza kwa malezi yao. Aliwaambia heshima ikae kwenye sauti na kwenye salamu, lakini ombi litamkwe lote: "I would like you to come and see him now." Akawarudisha koridoni mmoja baada ya mwingine mpaka sentensi hiyo ikatoka bila kutetemeka. Binti yetu ana sauti ndogo, akarudishwa zaidi kuliko wenzake. Kwenye daladala akaniuliza, "Mama mdogo, na daktari akikasirika?" Nikamwambia, "Akasirike, mwanangu, lakini aje." Mgonjwa mwenye namba zile huenda anavuja damu ndani kwa ndani, na namba zikitajwa bila ombi, mtu mwenye usingizi anaweza kuitikia "sawa" na kulala tena.

Ombi likishatolewa, linakuja agizo, na hapo pia Sista hana mchezo. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza yanakaribiana mno masikioni, hasa kwenye simu inayokatakata. Anayepokea agizo la dawa analirudia lote kwa sauti, na dozi anaitaja tarakimu moja moja: moja, tano. Kisha analiandika. Sifuri haiwekwi baada ya nukta, maana 5.0 husomeka 50. Lakini kabla ya nukta lazima iwepo, maana .5 husomeka 5. Yuniti za insulini zinaandikwa kwa neno zima, kwa sababu U ya haraka inafanana na sifuri na dozi inageuka mara kumi. Haya nayasema wodini miaka yote. Kuyakuta ndani ya somo la Kiingereza kulinipa moyo, kwa sababu lugha na usalama wa mgonjwa vimefundishwa kama kazi moja.

Kuna pia Jumamosi ya mlima, ambayo kozi za kuletwa kutoka mbali zisingeifikiria. Mtalii ameshushwa kutoka kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, kwa machela, anakohoa, anahema hata akiwa amelala, na mwenzake anaongea haraka kwa woga. Mwanafunzi aulize dalili zilianza lini na walikuwa wamefika kimo gani, ametumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo, au hapana, ana mzio wa dawa yoyote, maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Zaidi ya hapo amtulize huyo mwenzake kwa maneno machache, bila kumwahidi kitu ambacho muuguzi hawezi kukiahidi. Hilo la mwisho ni gumu hata kwa sisi wakongwe, na nilitamani lipewe muda zaidi.

Upungufu sasa. Bango la mlangoni linaahidi maandalizi ya OET, ule mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya ambao wengi wanaufikiria wakiota kazi Uingereza. Walichopata ni maelezo ya asubuhi moja. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka daraja B katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+ katika kuandika. Sehemu ya kuandika ni barua ndani ya dakika 45, tano za kwanza kusoma tu. Kuzungumza ni maigizo mawili ya kama dakika tano kila moja, na dakika tatu za kujiandaa kabla ya kila igizo. Darasani hakuna barua hata moja iliyoandikwa kwa saa. Kijana akienda kulipia mtihani ule, ambao ni ghali mno kwa mfuko wetu, akiamini ameandaliwa, ataumia. Nilimweleza mratibu, naye akakubali kuliondoa neno hilo kwenye bango au kuanzisha darasa lake peke yake. Nyota ya tano inasubiri hapo.

Madogo mengine: kundi la watu 24 ni kubwa, wale wa nyuma hupata zamu moja ya simu wakati wale wa mbele wamepata mbili. Rekodi za kusikiliza zote ni za Waingereza, wakati wodini hapa utasikia lafudhi ya Marekani, ya India na ya Ujerumani. Kijitabu ni fotokopi, chati moja ya dawa haisomeki.

Kama mwanao yuko mwaka wa kwanza, msubirishe kidogo. Kozi inamfaa aliyeshaingia wodini, anayejua kupima presha na anayetambua namba mbaya akiiona. Malipo wanakubali kwa awamu mbili, ya pili kabla ya wiki ya nne. Wanaotoka Marangu au Rombo wasiogope: darasa la Jumamosi linafungwa mchana, na stendi iko hapo hapo chini.