Sensodyne Pronamel kwa meno yaliyolika na asidi: inafaa, ila usiiombe isichoweza

Hii ni dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayolika na asidi. Kung'arisha si kazi yake. Ndani yake kuna floridi, inayoimarisha uso wa jino uliolainika, na potasiamu nitrati, inayotuliza mishipa ya fahamu ili maji baridi yasilete ganzi. Haikwaruzi sana, tofauti na zile za mkaa zinazopigiwa debe mitandaoni. Povu lake ni dogo, kwa hiyo usidhani umeuziwa feki ukaongeza dawa: kiasi cha punje ya njegere kinatosha.

Ganzi haiondoki kwa siku tatu. Piga mswaki asubuhi na usiku, mfululizo kwa wiki mbili au zaidi, ndipo uihukumu.

Enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikishaondoka hairudi, hata boksi liandikwe nini. Jino lililobonyea juu na kuonyesha umanjano ndani linahitaji daktari wa meno. Na kama yaliyolika ni meno ya mbele ya juu, kwa upande wa ndani, mara nyingi chanzo ni kiungulia au kutapika mara kwa mara. Hapo tibu tumbo kwanza. (Madoa ya kahawia kwa mtu aliyekulia Arusha ni jambo jingine kabisa: hayo ni ya floridi nyingi kwenye maji ya utotoni.)

Wengi wanaolalamika kwamba haifanyi kazi wanakosea muda. Enameli huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi: kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na juisi ya ukwaju, ndimu na soda za kola zote ziko chini ya 3.5. Ukipiga mswaki papo hapo baada ya kuzinywa, unaukwangua uso ambao bado ni laini. Sukutua kwa maji matupu, subiri walau nusu saa mate yapunguze makali ya asidi, kisha tumia mswaki laini. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua, la sivyo floridi nyingi inaishia kwenye sinki.

Ndimu juu ya sato wa kukaanga pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, isikutie hofu. Inaliwa na mlo, na mate ni mengi. Hatari ni ile chupa ya ukwaju inayonyonywa kidogo kidogo dukani toka asubuhi hadi jioni, maana kila funda linaanzisha shambulio upya. Inywe kwa mara moja, pamoja na chakula, na mrija ukiwepo ni bora zaidi.

Bei yake iko juu kuliko dawa za kawaida. Mfuko ukibana, tafuta ya kawaida yenye floridi kati ya 1,350 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), namba huandikwa nyuma ya boksi, na ukwepe yoyote inayoahidi meno meupe.