Semina ya soko huria Mbeya: walitusainisha nauli, hawakutupa

Nimejaribu kulinyamazia hili nimeshindwa. Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo huku nyanda za juu kusini, lazima tangazo lao limekupitia kwenye magrupu ya WhatsApp: semina ya uchumi wa soko huria na falsafa ya uhuru wa mtu binafsi, bure, malazi yapo, chakula kipo, cheti kipo, NAULI INARUDISHWA. Kwa herufi kubwa hivyo hivyo. Mimi nilitoka Iringa kwa kuliamini tangazo hilo. Kwenye meza yetu alikuwepo dada mmoja wa mwaka wa pili aliyekuja kutoka kwao Makete, na nauli yake ilitoka kwa mama yake, aliyeuza viazi kwa bei ya kutupa ili mtoto awahi basi.

Siku ya mwisho, mchana, ikaletwa karatasi. Jina, chuo, namba ya simu, ulikotoka, kiasi, sahihi. Safu ya kiasi ilikuwa tupu kuanzia juu mpaka chini. Tukaambiwa tusaini upesi, ukumbi unatakiwa na watu wa harusi, hela inakuja. Tukasaini. Hela haikuja. Jioni mabegi yako mlangoni, baridi ya Mbeya imeshaanza kung'ata, yule dada akamfuata mratibu na tiketi yake mkononi. Akamwambia kwa adabu kabisa, "Samahani kaka, nilikuwa naulizia ile nauli." Mratibu hakuitazama hata tiketi. Akajibu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Mdogo wangu, kwani siku zote hizi tumefundishana nini hapa? Hakuna chakula cha bure!" Na vijana wake wenye fulana wakacheka.

Niliwaka.

Msemo huo watu wameuzoea kwa Milton Friedman, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1976, ingawa ulikuwepo kabla yake. Maana yake ni kwamba kila kitu kina gharama, na yupo anayeilipa hata kama humwoni. Hausemi kwamba ukiahidi unaruhusiwa kutolipa. Na safari hii mlipaji tunamjua, ni yule mama wa Makete. Jana yake tu tulifundishwa kwamba soko huria linasimama juu ya mambo mawili: mali ya mtu iheshimiwe, na makubaliano yatimizwe. Umeahidi nauli kwa maandishi, mtu amesafiri kwa kukuamini, hayo ni makubaliano. Ukimsainisha kwamba amepokea na hajapokea, huo ni wizi, na sijui mwanafalsafa gani wa uhuru atasimama kukutetea.

Baada ya hapo kila kitu kikaanza kuniudhi. Chai ya rangi isiyo na tangawizi. Bango kubwa kuliko ukuta. Mpiga picha aliyekuwa akitukimbilia kila tulipoinua mkono. Hela ya kumlipa yeye ilikuwepo. Zile picha zinapelekwa kwa nani? Na karatasi yenye sahihi zetu inapelekwa kwa nani? Mfadhili aliyeko mbali ataona vijana wanatabasamu na wamesaini, atajua mambo yako sawa.

Nilikusudia kuwapa nyota moja niishie hapo. Kinachonizuia ni mwalimu wao mmoja, mzee wa makamo, mpole, aliyefundisha siku ya pili. Hakuanza na Ulaya wala Marekani, alianza na Ismani, huku kwetu Iringa. Akaeleza wakulima wa mahindi wa miaka ya 1960 na matrekta yao, Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa vilivyofuata, mpaka Krismasi ya 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipopigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi. Nimekulia Iringa, habari hiyo nimeisikia tangu utotoni, kwa mmoja Mwamwindi ni katili, kwa mwingine ni shujaa. Mzee alikataa yote mawili. Mauaji ni mauaji, alisema, na mahakama ilimhukumu kunyongwa. Sasa tuulizane ilikuwaje shamba likawa jambo la kuuana. Ukumbi ulikuwa kimya.

Kutoka hapo akatuingiza kwa mchumi Friedrich Hayek na hoja yake ya mwaka 1945, kwamba habari za uchumi zimetawanyika kwa watu chungu nzima, hakuna ofisi inayoweza kuzikusanya zote, na bei ndiyo inayozibeba. Akatukumbusha mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kwenda nje. Mkulima wa Mbozi hana haja ya kufuatilia taarifa za Kenya au Kongo kujua kwamba huko chakula kimepungua, bei inamfikishia. Ukifunga mpaka, umeiziba bei mdomo. Kijana mmoja akapinga vikali, akauliza njaa ya ndani je? Mzee akampa kipaza sauti amalize hoja zake zote. Hawakukubaliana, na hakuna aliyezomewa.

Sijawahi kupata kitu hicho darasani. Chuoni tunachora mistari ya mahitaji na ugavi, tunakariri, tunafanya mtihani, basi.

Mtu atasema jisomee mwenyewe. Vya kusoma vipo: FEE, taasisi ya Marekani ya elimu ya soko huria, inachapisha makala tangu 1946, Taasisi ya Mises ya Auburn, Alabama, imeweka vitabu vingi bure mtandaoni, Students For Liberty, mtandao wa wanafunzi ulioanza 2008, una tawi lake la Afrika. Lakini bando ni hela, karibu vyote ni Kiingereza kigumu, na kozi ya Marekani ina viza ya kufuatilia Dar. Juu ya hayo, simu haibishani na wewe kama alivyobishana yule mzee. Ndiyo maana nimekasirika kiasi hiki! Kitu kizuri namna hii, chenye nafasi chache hivi, mnakichafua kwa nauli ya Makete?

Haya, nyota tatu, na zote ni za mzee. Nenda, ila usitie sahihi mbele ya safu tupu, hata wakuharakishe vipi.

Yule dada aliondoka kwa mchango wetu. Hata wa Uyole na Iyunga, hapo hapo Mbeya, ambao hawakuwa na nauli ya kudai, walitoa. Kwa hiyo nyie waandaaji msijidanganye kwamba limekwisha. Namba yake mnayo kwenye karatasi mliyotusainisha. Mtumieni hela yake, na ya kutolea muweke.