Uzoefu wangu na Vampire: The Eternal Struggle: pigano lina foleni yake

Kama umezoea michezo ya kadi ya watu wawili kumalizana chapchap, huu utakutoa jasho. Vampire: The Eternal Struggle ni mchezo wa watu wanne au watano mezani. Kila mmoja anaanza na akiba ya pointi 30, ndio uhai wake mezani. Unamwinda aliye kushoto kwako huku wa kulia akikuwinda wewe. Uliundwa na Richard Garfield, ukatoka 1994 kwa jina la Jyhad, ukabatizwa upya mwaka uliofuata, ukaacha kuchapishwa 2010, kisha wachapishaji Black Chantry wakaufufua 2018. Mimi ninacheza na boksi lao la Fifth Edition, lenye seti tano za kadi zilizokwisha pangwa, kila moja ya ukoo wake wa vampaya: Malkavian, Nosferatu, Toreador, Tremere na Ventrue. Picha nzuri, unafungua na kucheza. Ninalotaka kulisema hasa ni mapigano, maana hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa.

Kila tunapomfundisha mtu mpya, lalamiko ni lile lile: "Mbona kadi yangu imekataliwa? Nimeitoa kabla yako!" Wepesi wa mkono hausaidii kitu. Raundi ya pigano huenda kwa hatua: kabla ya umbali, umbali wenyewe (wapiganaji wako karibu au mbali), kabla ya kuchagua mapigo, mapigo, mwishowe kuamua kama mnaendelea au mnaachana. Katika kila hatua, aliyeanzisha tendo ndiye wa kwanza kutoa kadi au kupita, ndipo mpinzani naye aseme. Wote mkishapita, hatua imefungwa, hairudiwi.

Tuseme Nosferatu wangu anamvamia Ventrue wa mwenzangu kwa Bum's Rush, kadi ya kuanzisha pigano. Asipohama mtu, umbali ni wa karibu, na kwa kuwa mimi ndiye mvamizi, natangaza pigo langu kwanza: ngumi. Mwenzangu ameshasikia, anatoa Majesty, kadi ya pigo la kumaliza pigano. Pigano limekwisha hapo hapo, kwani pigo la aina hiyo huyatangulia mengine yote, hata yale yenye haki ya kutangulia. Nimeambulia patupu.

Nikiwa na kadi ya Immortal Grapple, mambo yanageuka. Hiyo hutolewa umbali ukiwa wa karibu, kabla mapigo hayajachaguliwa, na ikishatua, raundi hiyo ni ngumi tupu. Majesty yake inabaki pambo mkononi. Pa kuponea palikuwa hatua moja nyuma: angehama, umbali ukawa mrefu, Grapple ingekosa pa kushika. Lakini pale alitakiwa kuamua bila kujua nimeficha nini. Ndiyo maana mtu mzoefu hukukazia macho kwenye umbali, si kwenye pigo.

Tena kuna hili, na kwangu ndilo tamu kuliko yote: ukitoa kadi unavuta nyingine papo hapo, mkono urudi kuwa na kadi saba. Natoa kadi ya Torn Signpost kabla ya umbali ili kumwongezea nguvu vampaya wangu, navuta, kumbe Grapple ndiyo hiyo inaingia, na wakati wake haujapita! Hapo sura yangu huwa inanisaliti, najua.

Kuhusu madhara sina mengi. Mapigo ya kawaida hutua kwa pamoja, kwa hiyo vampaya wote wawili wanaweza kuishiwa damu ya kujitibu na kutumbukia kwenye torpor, yaani kuzimia na kuwa nje ya mapambano, katika raundi moja. Haki kabisa, ingawa inauma.

Kinachonichosha ni kwamba wawili wakishikana, waliobaki wanatazama tu. Pigano likiendelezwa raundi kadhaa, mtu wa tatu keshafungua simu. Mashindanoni, ambako mchezo hupewa saa mbili, dakika hizo zina thamani. Hatua hizi zinataka watu wanaotamka "napita" kwa sauti, wanaonung'unika watawachelewesha.

Na kadi kuukuu usizikimbilie. Duka moja liliniuzia lundo la zamani, halali kabisa kuchezewa, ila maandishi yake mengi yamebadilishwa, na kinachofuatwa ni toleo jipya zaidi la maneno ya kadi husika. Tukawa tunasimamisha pigano katikati, kila mtu na simu yake, tukitafuta kadi inasema nini sasa. Kitabu cha sheria kinapakuliwa bure. Anza na kurasa za mapigano, boksi baadaye.