Liemba ya sentimita 30

Nina mgahawa Kigoma mjini, si mbali na stesheni ya treni. Kwenye kaunta, kati ya chupa za chai na kabati la kioo la maandazi, kuna nafasi ya nusu mita ambayo nimeilinda miaka mingi kwa ajili ya kitu kimoja tu: modeli ya Liemba, meli kongwe ya abiria ya Ziwa Tanganyika. Marehemu baba alikuwa baharia wake. Mimi nimeipanda hadi Kasanga nikiwa mtoto ninayeogopa kuchungulia maji, nikaipanda tena ukubwani na magunia yangu ya dagaa. Wageni wakishuka treni huniuliza habari zake, nami hubaki kuichora hewani kwa mwiko.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu akaniambia, "Shangazi, mbona hivyo vitu vinauzwa kwenye mnada wa mtandaoni?" Akanifungulia simu. Ndipo nikakutana na muuzaji ninayemwandika hapa. Jina lake silitaji, maana watu wa aina yake hubadilisha majina kama kanga. Nieleze mambo yalivyokuwa, ili ukikutana na mwenzake umjue.

Tangazo lilikuwa na picha tano, na ya kwanza ilinifanya nivute kigoda. Haikuwa Liemba ya siku zangu. Ilikuwa Liemba kabla haijapewa jina hilo, ilipokuwa Graf von Goetzen ya Wajerumani, ile iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na huku kwetu kwa reli, ikaungwa upya hapa hapa Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Omoni, yaani mbele, palikuwa na mzinga. Mzinga huo nao una kisa chake: ulitoka kwenye Königsberg, manowari iliyoishia kwenye delta ya Rufiji. Aliyetengeneza modeli ile alikuwa anajua hayo yote. Kwenye ubavu alikuwa ameweka ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, mstari baada ya mstari, ndogo kuliko ulezi. Boti za kuokolea zilikuwa na kamba nyembamba zilizolegea kidogo katikati, jinsi kamba halisi zinavyolegea. Nilikuza picha hadi ikawa ukungu, na bado nikawa naona kitu kipya.

Maelezo yalisema: modeli ya mkono, mbao na chuma, skeli ya 1:100, urefu sentimita 30. Nilichosoma mimi ni "sentimita 30", nikapima kaunta kwa shubiri, nikaona inaenea na nafasi inabaki. Hesabu sikuipiga. Liemba ina mita 71 na ushei. Ukiigawa kwa 100 unapata sentimita 71, haikai kwenye kaunta yangu hata nihamishe maandazi. Skeli tulifundishwa kwenye ramani darasa la sita, na mwalimu wangu angejua kwamba nilishindwa swali hilo nikiwa na miaka 54 angenichapa upya.

Dau lilikuwa dola 41. Nikaweka 45. Mtu akaweka 52. Nikaweka 58 na moyo unanidunda kama niko harusini natunza. Likabaki langu. Usafiri dola 31. Tulilipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, na mzigo ukafika kwenye sanduku langu la posta baada ya wiki saba. Posta hawakuwa na shida yoyote, na yule dada wa dirishani alinisaidia hata kubeba. Forodha nililipa pia, tusiliongelee.

Nilifungua boksi mbele ya wateja. Kosa kubwa.

Ndani kulikuwa na meli ya plastiki. Nyepesi, ukiigonga inalia kama kikombe cha mtindi. Ubavu wake laini kama sahani, hakuna hata ribiti moja. Mzinga hakuna; mahali pake pana kitundu, nadhani cha kuchomekea bendera. Dohani zilikuwa mbili! Liemba ina dohani moja, mtoto yeyote wa Kibirizi atakwambia. Kwenye tezi, yaani nyuma, pameandikwa jina la meli ya anasa ambayo sijawahi kuisikia, likapakwa rangi juu kwa haraka, na herufi zinaonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa supu akaitazama muda mrefu, akasema, "Mama, hii ni ya kuogea watoto." Mgahawa mzima ukacheka, nami nikacheka, maana ningefanyaje?

Jambo moja ilitimiza: urefu. Sentimita 30 kamili kwa rula.

Nilimwandikia muuzaji siku ile ile. Akajibu kwamba picha ni "za kuonyesha tu" na kwamba bidhaa "inaweza kutofautiana kidogo". Akanipa ofa ya dola 10 nisilalamike. Nikamuuliza, hiyo iliyoko kwenye picha iko wapi? Hapo akanyamaza.

Basi kijana wangu akafanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kuweka dau hata senti. Alichukua zile picha akazitafuta mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno. Simu nyingi siku hizi zinaweza. Haikuchukua dakika mbili. Picha zote tano zilikuwa za mzee mmoja wa Ujerumani ambaye kuunda meli ndogo ndiyo starehe yake. Zimewekwa kwa miaka, pamoja na nyingine nyingi za meli ile ile ikiwa nusu, ikiwa mifupa mitupu, ikiwa haina rangi. Za kwake ni kubwa na safi. Za muuzaji zilikuwa zimekatwa pembeni, na sasa nikaelewa kwa nini: mzee huweka jina lake kwenye kona ya chini. Kwenye picha ya nne mkasi ulikosea, kipande cha herufi kikabaki. Nilikuwa nimekiona siku ya kwanza nikadhani ni mkwaruzo.

Nilipozitazama upya niliona mengine. Kwenye picha tatu meli imelazwa juu ya ule mkeka wa kijani wenye miraba wa kukatia vitu, na kando yake kuna sarafu ya yuro ili mtu aone ukubwa. Muuzaji alijitangaza kuwa yuko bara jingine kabisa. Tena alikuwa na matangazo mengine kumi na kitu, na kila modeli imepigwa picha kwenye meza tofauti, chumba tofauti, mwanga tofauti. Mtu mmoja hana meza kumi na mbili. Siku hizi kabla ya kununua chochote cha mkono naomba picha moja mpya, kitu kikiwa kimewekewa karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye mali anakupigia hiyo picha. Mwizi anakupa hadithi ya kamera mbovu.

Tulimwandikia mzee. Nilitegemea atakaa kimya au atanifokea kwamba nimenunua kwa mwizi wake. Alijibu usiku ule ule. Akasema meli iko kabatini kwake, hajawahi kuiuza na hataiuza, imemchukua vipupwe viwili, na hii ni mara ya nne kukuta picha zake kwenye mnada. Kila mara huwaandikia wenye soko kuthibitisha kwamba picha ni zake, tangazo linaondolewa, na baada ya muda linaibuka kwa jina jingine. Kinachomuuma, alisema, si pesa. Ni kuletewa barua na watu waliotapeliwa wakidhani yeye ndiye aliyewauzia.

Hilo nalielewa. Kuna mgahawa uliwahi kutumia picha ya sahani yangu ya mgebuka kwenye tangazo lao. Niliitambua kwa ndimu niliyoikata vibaya. Watu wakala kwao, wakaja kunilalamikia mimi kwamba samaki wangu ameharibika. Hata kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 picha ni kazi inayolindwa, lakini nenda kamshtaki mtu kwa sababu ya ndimu.

Kuhusu pesa: nilifungua malalamiko kwa wenye soko kwamba bidhaa haifanani na maelezo. Nikaweka picha ya mzee, picha ya kilichonifikia juu ya rula, na hesabu ya skeli ambayo safari hii niliipiga. Siku tisa baadaye dola 58 zikarudi kwenye kadi. Usafiri na forodha vimekwenda na maji. Soko nalipa nyota tatu: linasikiliza, ila muuzaji bado yumo humo, nimemwona juzi kwa jina jipya, na picha ya kwanza ni ile ile yenye mzinga. Muuzaji mwenyewe nyota moja, kwa ile rula. Kwa lugha yetu niliuziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa gunia lenyewe lilikuwa limepambwa kwa picha ya ng'ombe wa jirani.

Meli ya plastiki nimempa mjukuu wa yule mzee wa supu. Anaogea nayo kweli.

Mzee wa Ujerumani bado tunaandikiana. Aliniuliza swali lililonishangaza: milango ya ubavuni, ile ambayo abiria walikuwa wakiingilia kutoka kwenye mitumbwi pale pasipo na gati, hufunguka kwa ndani au kwa nje? Anataka kuunda Liemba ya baadaye, ya siku za dizeli, na picha alizonazo hazionyeshi. Mimi nina picha moja ya baba akiwa amesimama kwenye mlango huo huo, nyuma yake mitumbwi ya Kirando imejaa watu na kuku. Nikampigia nakala kwa simu nikamtumia. Akajibu kwa maneno machache: je, namruhusu kuionyesha wenzake, na jina la baba liandikwe vipi chini yake?